Mbao Kwenye Kitanda cha Watoto

Barua ya Nyamoita ilifika wiki ya mwisho ya Februari, mwaka wa 1995, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine. Mokaya aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha boila cha kiwanda cha chai, mgongo wake kwenye joto na uso wake kwenye ukungu.

"Baba Vivian," mkewe aliandika, "nimechoka kuulizwa na watu kama nina bwana au sina. Nitakuja Pasaka nione hapo mahali. Nikiona panakalika, tutahamia na watoto shule zikifungwa Agosti. Nikiona hapakaliki, usiniulize tena narudi lini, na mimi sitakuuliza. Watoto hawajambo. Vivian anakusalimu."

Aliisoma mara ya pili, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akafungua mlango wa tanuri na kusukuma ndani magogo mawili ya mkaratusi. Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya Pasaka. Alizihesabu vizuri, lakini hesabu aliyokuwa akiifanya kichwani haikuwa ya kufagia nyumba wala kupaka ukuta chokaa. Alikuwa akijiuliza kama wiki saba zingetosha kumaliza meza.

Nyamoita alikuwa ameondoka miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni mwa 1992 habari za vurugu za kikabila mpakani mwa Kisii zilifika kwenye laini yao ya nyumba za wafanyakazi kila jioni, kila moja mbaya kuliko ya jana. Pale kwao, upande wa Boito, hakuna aliyeguswa, lakini akina mama wa Kisii walianza kulala na viatu miguuni. Nyamoita alikuwa amechuma chai kwenye shamba hilo kwa miaka kumi na miwili. Alifunga nguo kwenye shuka, akamshika Vivian mkono, akambeba Ratemo mgongoni, akasema anaenda kwa mama yake wiki mbili mpaka mambo yatulie. Mambo yalitulia. Wiki mbili hazikuisha.

Hawakuwa wamegombana. Labda wangegombana, wangepata kitu cha kupatana. Kila Krismasi Mokaya alienda Kisii na mfuko wa sukari na majani ya chai, akakaa nje kwenye kiti alichotolewa, kwa sababu mkwe hawezi kujinyoosha nyumbani kwa mama mkwe, na siku ya pili akaaga. Kwao mwenyewe hakukuwa na pa kuwapeleka. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano na kubaki vipande vya kupandia sukuma. Kwa hiyo alirudi kwenye boila, na kila aliporudi alikuta chumba kimepoa zaidi.

Hapo ndipo mbao zilipoingia.

Kiwanda kilichoma kuni saa zote ili kukausha chai. Nyingi zilikuwa za mkaratusi, lakini mara moja moja lori lilileta visiki na magogo ya zamani kutoka mashamba yaliyokuwa yakifyekwa: mutamaiyo wenye mistari myeusi iliyojipinda kama nywele, muiri mwekundu, podo yenye rangi ya siagi. Mokaya alizijua. Akiwa kijana alifagia kwa miaka miwili katika karakana moja mjini Kericho, ambako mzee mmoja aitwaye Johana alikuwa akitengeneza upya samani za nyumba za mameneja. Johana alijua kupachika mbao ndani ya mbao. Alikata ua au ndege kutoka mti mweupe, akamlaza juu ya mti mweusi, akamzungushia ncha ya kisu, kisha akachimba kwa patasi shimo la umbo lile lile, lenye kina cha unene wa sarafu. Kipande kiliingia kwa kugongwa kidogo tu na mpini. Ukipitisha kidole juu yake hungejua mti mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Mzee hakumfundisha Mokaya kazi hiyo. Alimruhusu tu afagie polepole.

Basi siku gogo la mutamaiyo lilipokuja mkononi mwake, Mokaya alishindwa kulitupa motoni. Walielewana na nyapara: kwa kila kipande anachotoa, alete kisiki cha chai kilichong'olewa chenye uzito kama huo. Mlinzi wa getini alizoea kumwona akipita na kuni begani kwenda na kurudi, akawa anawaambia watu kwamba huyu Mkisii ndiye mwizi pekee anayelipa.

Kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa sinia. Ilikuwa mwaka wa 1993. Alikausha mbao juu ya boila kwa wiki tatu, mpaka zikigongwa zikalia kama kengele, akapachika majani mawili ya chai na chipukizi lake, ya podo juu ya mutamaiyo. Vipande vilikaza vizuri sana. Alimpa mfanyabiashara mmoja amfikishie Nyamoita. Mwezi haujaisha, jibu likaja: "Sinia lako limefura. Majani yote yamesimama. Tunawekea mahindi."

Lilikuwa kosa la mtu wa boila. Maseremala wengine wa pale Konoin walilalamika kwamba mbao hazikauki kwenye nchi ya mvua za kila alasiri. Yeye alikuwa na mbao zilizokauka kupita kiasi. Alizipima na kuzikata zikiwa na kiu. Zilipotoka kuingia kwenye hewa ya ukungu zilikunywa, zikanenepa, zikasukumana, na kwa kuwa alikuwa amezikaza pande zote hazikuwa na pa kwenda ila juu.

Kuanzia hapo alijiwekea sharti. Mbao ikitoka kwenye boila, haikatwi mpaka ikae nyumbani mwaka mzima, izoee hewa ya nyumba. Lakini ikae wapi? Sakafu ya saruji ilitoa jasho. Kuta zilikuwa na unyevu mpaka kwenye madirisha. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha watoto, kwa sababu kilikuwa cha mbao zilizoachana, na hewa ilipita chini na juu. Alianza na vipande vinne, kwenye upande wa miguuni. Baadaye aliviringisha godoro akalifunga kwenye mapaa. Kufikia hiyo Februari, kitanda kilikuwa kimejaa mpaka waya wa pazia, safu juu ya safu, vijiti vyembamba katikati ili zipumue, na kila ubao umeandikwa kwa chaki mwezi ulipoingia.

*

"Mama watoto anakuja?" aliuliza Kipngeno, mwenzake wa zamu, alipoona barua ikichungulia mfukoni. Kipngeno alikuwa mtu wa hapo hapo, nyumba yake na ng'ombe wake wawili vilikuwa bonde la pili.

"Pasaka."

"Kukaa?"

"Kuona."

"Ah." Kipngeno alijifuta uso kwa kofia. "Kuona ni kubaya kuliko kukaa. Mtu wa kuona huangalia mpaka chini ya sufuria."

"Nitakuwa nimemaliza meza."

"Meza?"

"Si unaijua? Ile ya mutamaiyo."

"Naijua. Huo mti mama yangu husugulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kijinga chake, na wewe unataka kulia ugali juu yake. Sikatai. Lakini nikuambie kitu, Mokaya. Mimi nina bibi miaka kumi na saba. Hajawahi kuniuliza habari ya meza hata siku moja. Ananiuliza kama paa linavuja."

"Na linavuja?"

"Linavuja."

"Sasa?"

"Sasa nini? Linavuja na bado yuko. Anajua niko naye hapo chini tunanyeshewa wote." Kipngeno alicheka, akachukua koleo. "Nunua kiti, bwana. Kiti kimoja tu. Meza atakaa juu yake?"

Mokaya alicheka pia. Kiti hakununua. Alikuwa na stuli moja, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye kipande cha podo kilichopinda kidogo ambacho kingefaa kuwa njia.

Alikuwa akitengeneza picha ya shamba. Juu ya meza, mutamaiyo ulikuwa chai, kiwanja baada ya kiwanja, mistari yake myeusi ikiinama pamoja kama mlima unavyoinama. Vijia vya wachumaji vilikuwa vya podo, vyembamba kama utambi. Na mahali pamoja, karibu na katikati, alipachika mraba mdogo wa muiri: kibanda cha kupimia majani, ambako mwaka wa 1980 msichana aliyebeba kikapu alimwambia ahamishe mkokoteni wake wa kuni kwa sababu amewazibia watu njia. Kila alasiri, zamu ikiisha saa nane, alikaa kwenye ile stuli karibu na dirisha. Mvua ilianza kupiga mabati, wakati mwingine na mawe yake, na yeye akakata kwa msumeno aliousaga mwenyewe kutoka wembe wa kiwandani, akalaza, akachora, akachimba. Gundi ikikauka, alikwangua kwa kipande cha kioo mpaka mti mweupe na mweusi ikawa sawa. Alimalizia kwa nta ya nyuki aliyopewa na Kipngeno.

Nyumba ya pili aliishi Adoyo, mjane wa Kijaluo, na wanawe watatu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Jioni watoto wale walikariri hesabu za mara, na wakikwama kwenye saba mara nane, Mokaya alijikuta akijibu kwa sauti, "Hamsini na sita," ndani ya chumba ambacho hakukuwa na mtu wa kumsikia. Wakati mwingine ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu atoke kazini.

*

Nyamoita alikuja Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu. Mokaya alimsubiri kwenye njia panda tangu asubuhi. Mkewe alishuka kwenye gari na begi moja na mkungu mdogo wa ndizi, akamtazama kwanza viatu, kisha uso.

"Umekonda, Baba Vivian."

"Ni boila."

"Boila ilikuwepo hata mimi nikiwepo."

Walipanda kilima kati ya chai. Alitaka kumbebea begi, lakini Nyamoita alimpa ndizi. Wachumaji wawili walimtambua kutoka mbali wakamwita kwa namba yake ya zamani ya kazi, mia mbili na kumi na saba, na yeye akainua mkono, akacheka, akasimama kuwaamkua. Mokaya aliona kwamba aliijua njia vizuri kuliko yeye. Alikanyaga palipokuwa pakavu bila kuangalia chini. Moyo wa Mokaya ukapata nguvu.

"Karibu," alisema alipofungua mlango, na papo hapo akatamani kulirudisha neno hilo, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwambia mgeni.

Nyamoita aliingia akasimama katikati ya chumba. Begi lilikuwa bado mkononi. Mokaya hakungoja. Alivuta kitambaa kilichofunika meza, kwa mikono miwili, polepole.

Nyamoita alihamisha begi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akainama. Kisha kidole chake kilianza kutembea.

"Hii ni Namba Nane."

"Umeijua."

"Nimeichuma miaka kumi na miwili, nitakosaje kuijua?" Kidole kilipanda kijia cha podo, kikakata kona. "Hiki ni kibanda cha mizani. Hapa ndipo kulikuwa na yule karani wa kukatalia watu majani." Akatabasamu. Kidole kikaendelea, kikasimama. "Lakini hapa umekosea. Njia ilipita juu ya kijito, si chini. Ukipita chini unalowa viatu."

"Nilichora kama ninavyoiona kutoka kiwandani."

"Ndiyo," alisema Nyamoita. "Kutoka kule huwezi kuona kijito." Alicheka kidogo, kicheko chake cha zamani, akapitisha kiganja chote juu ya meza na kurudi nacho. "Ni kazi nzuri, Baba Vivian. Sijawahi kuona kitu kama hiki hata kwa nyumba ya manija. Ni ya watu wangapi?"

"Wanne."

"Nikae wapi?"

Mokaya alisukuma stuli mbele yake. Nyamoita hakuketi. Aliangalia ile stuli, akaangalia pande nyingine tatu za meza.

"Wacha kwanza niweke hii begi," alisema, akaenda nyuma ya pazia, mahali ambapo kila mara aliweka vitu vya watoto.

Pazia lilivutwa.

"Baba Vivian. Hizi ni nini?"

"Ni mbao."

"Naona ni mbao."

"Nitazitoa. Ni za kukauka tu."

"Godoro liko wapi?"

Alimwonyesha juu. Nyamoita aliinua macho kwenye mapaa, akaliona godoro limeviringishwa na kufungwa kwa kamba, buibui wamelisuka. Akasoma chaki kwenye ubao wa chini kabisa. "Juni tisini na tatu."

Mokaya akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa maana hilo ndilo jambo alilolijua kuliko watu wote wa pale: jinsi sinia lilivyofura, jinsi mbao za boila zinavyokuwa na kiu, na kwamba ukizipachika kabla hazijakaa ndani zinanyanyuka. Alieleza habari ya sakafu inayotoa jasho na hewa inayopita chini ya kitanda. Sauti yake ilipata joto. "Lazima kwanza zizoee nyumba," alimaliza.

"Na hizi zimekaa miaka miwili zikizoea."

"Karibu miwili."

"Ratemo alilala hapa mitatu," alisema Nyamoita.

Hakupandisha sauti. Aliweka begi chini, kwenye saruji yenye unyevu, akaenda jikoni kumenya ndizi.

*

Walikula kabla ya giza, Nyamoita kwenye stuli, Mokaya juu ya debe la mafuta ya taa lililopinduliwa. Mokaya alikuwa amepika kuku kabla hajatoka kwenda njia panda. Nyamoita alimsifu kuku, akamweleza habari za shule, na za mama yake ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

"Ratemo anang'ang'ania blanketi na dada yake," alisema. "Miguu inatoka nje. Siku hizi amefika hapa." Akaweka kiganja kifuani pake.

Mokaya alikitazama kile kiganja. Desemba alikuwa amemwona mtoto huyo, tena alikuwa amekaa naye kwenye kivuli cha migomba siku nzima, lakini walikuwa wameketi. Kichwani mwake, kila alipomfikiria akiwa hapa ndani, Ratemo alikuwa bado yule wa kubebwa mgongoni.

"Na Vivian?"

"Vivian ananizidi. Hukuona?"

Mokaya aligeuka. Alikuwa akiangalia kitanda nyuma ya pazia lililoachwa wazi. Alikitengeneza mwenyewe mwaka wa themanini na tisa, kwa mbao za masanduku ya chai, futi nne. Hata kama angeondoa kila ubao usiku huo, hakukuwa na mtoto wake hata mmoja aliyeweza kulala juu yake akanyoosha miguu.

Jumamosi alianza kuzitoa. Alikuwa amebeba mizigo miwili mpaka kizingitini wakati Nyamoita, aliyekuwa akifua mablanketi nje, alipomsimamisha.

"Unazipeleka wapi?"

"Nje. Kipngeno ataniwekea kwenye ghala lake la mahindi."

"Acha. Unatoa kwa sababu nimenuna. Nikienda utazirudisha."

"Sitazirudisha."

"Baba Vivian." Alikamua blanketi, maji yakamiminika miguuni pake. "Mimi sikuja kukugombeza. Kule nyumbani watu wanasema umeoa hapa. Mimi pia, wakati mwingine, nilidhani hivyo. Ningekuta mwanamke ningejua la kusema." Akalitupa blanketi kwenye waya. "Nimekuta hakuna mtu. Hata wewe sijui unakaa upande gani."

Adoyo, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni pake, aliinama zaidi juu ya ungo wake.

Jumapili walienda kanisani, na waliosimama mlangoni kuwasalimu walikuwa wengi, Wakipsigis kwa Wakisii, wakimwuliza Nyamoita kama amerudi. Aliwajibu wote neno moja: "Nimekuja kuwasalimia." Jumatatu asubuhi alifunga begi. Mokaya alimsindikiza mpaka njia panda, na huko njiani maneno yalikuwa machache, habari za mbolea na mvua.

Gari lilipoonekana kwa mbali, Mokaya alisema, "Utaandika?"

"Nitaandika."

"Niandikie urefu wao."

Nyamoita alimgeukia. "Urefu wa nani?"

"Wa watoto. Nataka kutengeneza vitanda. Sijui..." Alitaka kusema kwamba hajui vipimo, lakini gari lilikuwa limeshasimama.

Nyamoita alimtazama, kama alivyomtazama siku ile aliposhuka, lakini safari hii alianzia usoni. Alipanda, akakaa upande wa pili, ambako Mokaya hangeweza kumwona.

*

Mbao alizitoa siku hiyo hiyo. Zile fupi alimpelekea Kipngeno, na Kipngeno hakumtania, alimsaidia tu kuzipanga juu ya magunia. Zile ndefu za mutamaiyo, tano kwa jumla, zile alizozitunza kwa ajili ya kabati lenye milango miwili alilokuwa akiliwaza tangu mwaka uliopita, aliziegemeza ukutani. Alishusha godoro akalipiga fimbo nje mpaka vumbi likaisha, akaliweka mahali pake. Kisha akafunga pazia.

Hakuwa amejua kwamba mbao zilikuwa zikimsaidia kutosikia. Sasa chumba kililia. Mvua ilikuwa kubwa zaidi, kikohozi chake kiligonga ukuta kikamrudia. Alirudi kutoka kazini saa nane, akakaa kwenye stuli mbele ya ile meza nzuri, mikono juu ya magoti, bila kitu cha kukata. Mara mbili alishika patasi na mara mbili akairudisha. Aliogopa kwamba akianza ua dogo tu, kipande kimoja tu kingehitaji mahali pa kukaa.

Aprili iliisha. Mei ilikuja na ukungu usioondoka mpaka saa tano.

"Ameandika?" Kipngeno aliuliza kila Jumatatu.

"Bado."

"Bibi yangu anasema akiwa amekataa angeandika upesi. Kukataa hakuchukui karatasi nyingi."

"Bibi yako anajuaje?"

"Alinikataa mara mbili. Kila mara jibu lilifika kesho yake." Kipngeno alifunga mlango wa tanuri kwa mguu. "Mara ya tatu alikawia mwezi. Nilikaribia kuoa mwingine."

Mokaya alinunua viti viwili vya mtumba kutoka kwa mfanyakazi aliyekuwa akistaafu. Vilikuwa vibaya, kimoja kilikosa ubavu, na hakuvitia nakshi yoyote. Alivikaza tu kwa misumari ili visiyumbe. Kiti cha tatu alikitengeneza kwa mabaki ya mkaratusi kwa alasiri moja.

Siku ya mwisho ya Mei karani wa duka la njia panda alimwita akampa bahasha. Ilikuwa nyepesi na katikati imevimba. Mokaya hakuifungua barabarani. Alipanda nayo kilima, akafunga mlango, akakaa.

Hakukuwa na barua. Kulikuwa na kamba mbili nyembamba za katani, kila moja imeviringishwa vizuri kwenye vidole vya mtu kisha ikatolewa, na kipande cha karatasi ya daftari la shule.

"Fundo moja ni Ratemo. Mafundo mawili ni Vivian. Nimewapima wakiwa wamelala."

Alisukuma meza mpaka ukutani, akaweka viti juu yake, akazinyoosha kamba sakafuni sambamba, akizikandamiza ncha kwa mawe ya kunolea. Ile ya Vivian ilianzia kwenye mguu wa kitanda ikapita katikati ya chumba, ikapita mahali stuli yake ilipokuwa imesimama miaka mitatu, ikaendelea. Hakuamini macho yake. Alijilaza chali kwenye saruji kando ya kamba hizo, nyayo zake zikiwa sawa na mafundo, akageuza shingo. Ratemo alimfikia kwenye titi. Vivian alimfikia sikioni.

Sakafu ilikuwa baridi na mgongo wake ulianza kulowa, lakini alibaki hapo mpaka alipozijua vizuri, mahali goti lingekuwa na mahali kichwa kingekuwa. Kisha akainuka, akachukua ubao mrefu kuliko zote za mutamaiyo, akaulaza kando ya kamba ya Vivian na kuutia alama kwa penseli. Akafikiri kidogo. Agosti ilikuwa bado mbali. Akafuta ile alama kwa kidole kilicholowa mate, akaongeza kiganja kizima, akashika msumeno.